Sura ya 4: Mita Moja, Ploti Nzima

Mwaka 1975 Baraza la Jiji la Nairobi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lilianza mradi wa viwanja 6,000 huko Dandora. Aliyepewa kiwanja alikuta choo, bafu, mfereji na njia ya maji taka tayari. Vyumba alitakiwa ajijengee mwenyewe, kimoja sasa, kingine akipata. Miaka hiyo hiyo Buruburu ilikuwa inaongezwa awamu baada ya awamu kwa watu wa kipato cha kati, na Umoja ikipangwa kwa nyumba za chini zenye ua. Pita leo Dandora, Umoja au Kayole, utazame juu. Palipokusudiwa nyumba ya chini pamesimama jengo la ghorofa tano au sita, kila ghorofa na milango yake, nguo zimeanikwa hadi juu. Watu wameongezeka maradufu na zaidi. Mabomba, nyaya na njia za maji taka havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Historia hiyo ndiyo inayoamua namna ya kubana matumizi katika mitaa hii ya Eastlands. Mtu wa Karen au Runda ana mita yake, tangi lake na pipa lake la taka. Akifunga mfereji vizuri, faida ni yake. Huku kwetu vitu hivyo ni vya kushirikiana: mfereji mmoja uani, tangi moja juu ya paa, taa moja ya ngazi, mara nyingi mita moja ya stima, na rundo moja la taka langoni. Mpangaji wa chumba cha tatu akichota kwa uangalifu, na usiku huo tangi likaachwa lifurike hadi asubuhi, hakuna kilichookolewa. Kwa hiyo ushauri wote wa sura hii umejengwa juu ya jambo moja: Eastlands, ploti ndiyo inayobana matumizi. Nyumba moja kazi yake ni kuanzisha.

Maji

Maji mengi ya Nairobi yanatoka Ndakaini, bwawa lililoko Gatanga katika kaunti ya Murang'a. Lilikamilika mwaka 1994, na likijaa linabeba meta za ujazo milioni 70. Maji hayo husafishwa Ngethu, hushuka hadi matangi ya Gigiri, kisha husambazwa mjini. Januari 2017, baada ya mvua za vuli kukosekana, kampuni ya maji ilianza mgao rasmi, na tangu hapo kila mtaa unajua siku zake. Limechimbwa handaki la karibu kilomita 12 kuleta maji ya mito ya Murang'a hadi Ndakaini, na bado mitungi inapangwa foleni.

Sehemu ya sababu iko njiani. WASREB, taasisi inayodhibiti huduma za maji nchini, imekuwa ikiripoti kwamba karibu nusu ya maji yanayozalishwa kwa ajili ya Nairobi hayalipiwi: yanavuja, yanaibwa, au mita hazisomi. Anayelipia pengo hilo ni yule asiye na mfereji ndani. Tufanye hesabu. Meta moja ya ujazo ni mitungi 50 ya lita 20. Mwenye mkokoteni akikuuzia mtungi kwa shilingi 20, umelipa shilingi 1,000 kwa meta moja ya ujazo. Mwenye mfereji wa kampuni halipi hata robo ya fedha hizo kwa kiasi hicho hicho. Maskini wa mtaa ndiye anayenunua maji ghali kuliko wote, na ndiyo maana kila tone linalopotea ndani ya ploti ni dhuluma kwa jirani.

Basi anzeni na tone. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 kwa siku, yaani mtungi mzima. Kwa mwezi ni mitungi 30, na ni mfereji mmoja tu. Mara nyingi kilichochakaa ni washa, kile kipira kidogo cha ndani. Fundi hukibadilisha kwa dakika chache kwa fedha kidogo sana. Hatua ya pili ni boya la tangi la juu. Boya likikwama, maji yakija usiku tangi hufurika, na siku ya mgao ikiisha ploti haina kitu. Mtunzaji wa ploti apande akague boya hilo kabla ya kila siku ya maji.

Ndani ya nyumba, maji yapewe safari ndefu. Wanawake wa mitaa hii wanaijua safari hiyo kuliko mhandisi yeyote. Maji ya suuza ya mwisho, ambayo bado ni meupe, hulowekwa nguo nyingine. Yakishafua, hupiga deki. Yaliyopiga deki humwagwa chooni. Maji yale yale yamefanya kazi tatu, na hakuna aliyemwaga lita tisa za maji safi kusukuma haja ndogo. Wenye choo cha kuvuta wajaze chupa ya lita moja maji, waifunge, waiweke ndani ya tangi la choo mahali ambapo haitagusa boya. Kila mvuto utapungua kwa lita moja.

Mvua nayo imepuuzwa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya meta moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mabati la meta 40 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10, linakusanya lita 400, sawa na mitungi 20. Nairobi hupata misimu miwili ya mvua kila mwaka, na mapaa mengi ya Eastlands hayana hata mfereji wa kukinga. Maji ya dakika za kwanza yaachwe yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata yanafaa kufua, kudeki na chooni. Ya kunywa ni lazima yatibiwe.

Na kutibu si lazima kule gesi au makaa. Maji maangavu yakiwekwa katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ya lita moja au mbili, na kulazwa juu ya bati penye jua kali kwa saa 6, miale ya jua huua vijidudu vingi vya kuhara. Siku za mawingu, kama zile za Julai, chupa iachwe siku mbili mfululizo. Maji yakiwa na tope, njia hii haifai mpaka yachujwe. Dawa ya klorini ya dukani nayo hufanya kazi bila moto wowote.

Moto

Kifaa kilichookoa moto mwingi zaidi katika jikoni za Kenya kina mizizi yake hapa hapa Eastlands. Kabla ya miaka ya 1980, jiko la kawaida lilikuwa la bati tupu. Joto lilitoka ubavuni, likapasha miguu ya mpishi na ukuta, sufuria ikapata kilichobaki. Mwaka 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu. Katika miaka iliyofuata Maxwell Kinyanjui na wenzake, pamoja na shirika la KENGO, walifanya kazi na mafundi wa jua kali, wakiwemo wa Shauri Moyo, kutengeneza jiko jipya. Walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, lililofinyangwa kwa udongo ndani, wakalibadilisha lifuate mapishi ya hapa.

Litazame kwa karibu utaona akili iliyowekwa. Bati limekatwa kutoka pipa kuukuu na kuundwa kama pembe mbili zilizokutana kiunoni, pana juu na pana chini, lisipinduke mtu anaposonga ugali. Nusu ya juu imevikwa kigae cha udongo uliochomwa, chenye matundu ya kupitisha majivu. Kati ya kigae na bati kuna saruji iliyochanganywa na vermikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto lisikimbie. Chini kuna kilango cha hewa. Jiko hilo hupunguza makaa kwa takriban asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na la bati tupu. Halikufungiwa hataza. Fundi yeyote aliruhusiwa kuliiga, mafundi wakashindana, bei ikashuka, na jiko likavuka mipaka hadi Uganda, Tanzania, Rwanda na Ethiopia.

Wengi tunalo na tunalitumia vibaya. Kigae kikipasuka, nunua kigae kipya kabla ya kutupa jiko. Usijaze makaa hadi ukingoni, maana sufuria huinuka na joto likatoroka pembeni. Chakula kikianza kuchemka, rudisha kilango cha hewa kibaki wazi kidogo tu. Ukimaliza kupika, hamishia makaa yaliyobaki kwenye mkebe wenye kifuniko yazime kwa kukosa hewa, uyatumie kesho. Mkebe huo ubaki nje mpaka upoe kabisa. Na jambo moja halina mjadala: jiko lenye makaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imeua familia zikiwa usingizini.

Makaa yenyewe yamekuwa ghali. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, mwezi mmoja baada ya kaunti ya Kitui kupiga marufuku biashara ya makaa, na bei Nairobi ikapanda. Hapo ndipo vumbi la makaa, lile linalobaki chini ya gunia, linapogeuka mali. Dkt. Mary Njenga, mtafiti wa Kenya, na wenzake walichunguza vikundi vya Nairobi vinavyochanganya vumbi hilo na udongo kidogo na maji, vikafinyanga madonge na kuyaanika. Walipima gharama ya kupika githeri ya watu watano: kwa madonge ya vumbi ilikuwa shilingi 3, kwa makaa shilingi 26, na kwa mafuta ya taa shilingi 45. Bei za leo ni nyingine, lakini pengo lenyewe linatosha kumshawishi mtu. Kila muuza makaa wa mtaa ana vumbi, na ploti yenye ua na jua ina kila kinachohitajika kuanzisha kazi hiyo.

Kwa githeri, kuna mbinu ya kukata moto kwa kiasi kikubwa zaidi. Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha, kisha umwage maji hayo chooni. Asubuhi chemsha kwa nguvu saa nzima, kifuniko kikiwa juu. Chukua kapu kubwa lililotandikwa blanketi kuukuu au mto wa vitambaa pande zote, tia sufuria ikiwa bado inatokota, funika kwa mto mwingine, ufunge. Usifungue kuchungulia. Baada ya saa nne au tano nafaka imelainika bila moto. Rudisha jikoni ichemke tena vizuri, kaanga kitunguu, kula. Ukipika hivyo mara mbili kwa wiki, utaona tofauti kwenye mtungi wa gesi au debe la makaa.

Wanaopikia gesi nao waokoe kwa busara. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka Mradi, Embakasi, kwenye kituo kisichokuwa na kibali. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. Mtungi uliojazwa kichochoroni huwa nafuu kidogo, na unafuu huo unabeba hatari ya mtaa mzima. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, kisha utafute akiba yako kwenye kapu la githeri.

Stima

Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wa Kenya Power wamegawanywa katika ngazi tatu: wanaotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi, wa 31 hadi 100, na wanaozidi 100. Kila ngazi ina bei yake kwa uniti, na ya juu ndiyo ghali zaidi. Kampuni huangalia wastani wa miezi mitatu ili kujua uko ngazi gani.

Sasa fikiria ploti ya vyumba kumi yenye mita moja. Kijana anayeishi peke yake, mwenye balbu, simu na redio, angekuwa na mita yake asingefikisha hata uniti 30. Lakini kwa Kenya Power ploti nzima ni mteja mmoja, na mteja huyo hupita uniti 100 mapema sana. Kijana analipa kwa bei ya ngazi ya juu kwa sababu ya mpangilio wa nyaya. Na pale ambapo stima imejumuishwa kwenye kodi, hakuna anayeona faida ya kuzima taa. Suluhisho la kudumu ni wapangaji na mwenye nyumba kuomba pamoja kila nyumba ipate mita yake ya tokeni. Hadi hapo, kila chumba kiwe na mita ndogo, na masomo ya mita hizo yabandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi kila mtu ayaone.

Kifaa cha kuchunga kwanza ni shawa ya stima. Shawa ya wati 5,500 ikiwaka dakika 10 hula takriban uniti 0.9. Watu wanne wakioga hivyo kila siku, kwa mwezi ni uniti 110. Shawa peke yake imeipeleka familia ngazi ya juu kabla hata ya kuwasha taa. Wakioga dakika 5, hesabu ni 55. Wakioga kwa beseni, lita 10 za maji moto zikachanganywa na 10 baridi, zinahitaji kama nusu uniti kupashwa, na maji hayapotei.

Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 hula 1.35, na mwanga unakaribiana. Taa za ngazi na lango ndizo huwaka muda mrefu kuliko zote na hazina mwenyewe. Hizo zibadilishwe kwanza, kwa mchango wa ploti. Nguo zipigwe pasi zote siku moja, kwa sababu pasi hula stima nyingi inapoanza kupata moto, na zile za mwisho zipigwe ikiwa imeshazimwa.

Taka

Taka za Nairobi zinaishia Dandora. Jaa hilo, lililokuwa timbo la mawe, lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, lina ukubwa wa ekari 30 hivi, na lilitangazwa kujaa mwaka 2001. Bado malori yanaingia. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa utafiti uliowapima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Risasi hudhoofisha ubongo wa mtoto. Tunapofunga taka na kuzisahau, tunapaswa kuwakumbuka watoto hao, kwa sababu taka za Buruburu na Donholm hupita mlangoni mwao.

Zaidi ya nusu ya taka za jiji ni vitu vinavyooza: maganda ya viazi, mabua ya sukumawiki, mabaki ya ugali. Vikichanganywa na plastiki na karatasi, vyote vinaharibika. Vikitengwa, kila kimoja kina mteja. Sheria ya 2022 ya udhibiti endelevu wa taka inataka zitenganishwe pale pale zinapozalishwa, na ndoo mbili zinatosha: moja ya vinavyooza, moja ya vikavu. Chupa, makopo na makaratasi makavu wapewe waokota taka wa mtaa yakiwa safi, wapate bei nzuri bila kuyachimba kwenye uozo. Vinavyooza vitiwe kwenye pipa lenye matundu, kila tabaka lifunikwe kwa udongo au majani makavu, na vigeuzwe kila wiki. Baada ya miezi michache ni mbolea ya bustani ya gunia, na gunia moja la sukumawiki penye jua hulisha nyumba mboga mara kadhaa kwa wiki.

Kwamba sheria inaweza kubadilisha tabia, tumeona. Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Kiondo na mkoba vikarudi sokoni. Lakini askari hawezi kusimama kwenye ngazi za kila ploti. Pale inahitajika mikono ya wakaazi wenyewe, na Dandora imeonyesha njia. Vijana wa awamu ya pili ya mtaa huo walisafisha uwanja wa kati ya nyumba zao, wakapanda miti, wakapaka rangi, wakauita Mustard Seed. Vikundi vya viwanja vingine vikafuata, na Dandora Transformation League ikazaliwa, viwanja vikishindana kwa usafi. Mtaa uliobebeshwa taka za jiji zima ndio uliotufundisha kwamba uwanja wa pamoja unaweza kuwa na wenyewe.

Mkutano

Kwa hiyo, msomaji, usianze na nyumba yako peke yake. Waite majirani uani Jumapili jioni, mwalike mwenye nyumba au mtunzaji wake, na mkubaliane mambo matano tu. Nani atakagua mifereji na boya la tangi. Masomo ya mita yatabandikwa wapi. Balbu za ngazi zitabadilishwa lini na kila chumba kitachanga ngapi. Ndoo mbili za taka zitakaa upande gani. Na kiongozi ni nani, achaguliwe kwa miezi mitatu, kisha apokewe na mwingine. Andikeni kwenye karatasi moja, ibandikwe langoni.

Mwenye nyumba naye ana faida: bili ndogo, malalamiko machache, wapangaji wasiohama. Mwambieni hivyo kwa heshima, mkiwa na hesabu mkononi. Serikali ya kaunti na kampuni za huduma zina deni kubwa kwa Eastlands, deni la mabomba, nyaya na jaa la kisasa, na lazima tuendelee kulidai. Lakini ploti inayojua imetumia mitungi mingapi na uniti ngapi inadai kwa sauti nzito zaidi. Iteni mkutano huo wiki hii, na washa mpya iwe imenunuliwa kabla haujaanza.